Dola zilizolipwa Houston, tozo ya ng'ambo: kisa cha kadi ya muuza mikeka

Dada mmoja alinijia mwezi wa kumi na swali ambalo kichwani mwake lilikuwa limeshajibiwa. Alikuwa na tangazo la kadi ya mkopo ya biashara kwenye simu, pointi za kumwaga, na alichotaka kwangu ni neno moja: chukua. Nikamwomba kwanza stetimenti za miezi 12 za kadi aliyonayo. Akaguna. Kumwomba mfanyabiashara stetimenti ni kama daktari kukuambia uvue shati.

Kazi yangu ni kutunza vitabu vya wafanyabiashara wadogo hapa Houston, wengi wao watu wa kwetu. Dada huyu anauza mikeka ya miyaa, vikapu vya ukili, khanga na vikoi, kwa mtandao na kwa meza kwenye masoko ya wikendi. Mwaka wake una misimu miwili mikubwa. Wa kwanza ni Juneteenth, Juni 19, siku ambayo mwaka 1865 jeshi la Muungano, yaani la serikali ya Marekani katika vita ya wenyewe kwa wenyewe, lilitangaza kule Galveston, si mbali na hapa, kwamba watumwa wa Texas wako huru. Wa pili ni Kwanzaa, kuanzia Desemba 26 hadi Januari 1. Sikukuu hiyo ya Wamarekani Weusi ilianzishwa 1966, na alama zake zimepewa majina ya Kiswahili. Mkeka ni mojawapo. Mtu anayetafuta mkeka wa kuwekea kinara chake hataki wa plastiki. Anataka miyaa, na yuko tayari kulipa.

Kwa hiyo dada husafiri mara mbili kwa mwaka. Mwezi wa pili huenda Dar na Zanzibar kununua mzigo mkubwa wa Juni, na mwezi wa tisa huenda tena kwa mzigo mdogo wa Desemba. Kadi yake ya wakati huo haikuwa na ada ya mwaka, na ilimrudishia asilimia 1.5 ya kila alichotumia. Mwaka huo alikuwa amepitisha dola 41,300 kwenye kadi hiyo, akarudishiwa dola 619 na senti 50. Hesabu hiyo aliijua kwa kichwa, maana benki ilimtumia ujumbe kila marejesho yalipoingia.

Ambayo benki haikumtumia ujumbe ni mistari midogo iliyokuwa ikijitokeza chini ya kichwa cha ada. Dola 1.50 kila mwezi. Dola 51 mara nne. Dola 43.50 mara mbili. Na utitiri wa senti na dola mbilimbili katika mwezi wa pili na wa tisa. Nilijumlisha yote nikapata dola 432. Ndiyo tozo ya miamala ya nje, asilimia 3 ya dola 14,400.

"Hiyo si ndiyo ya safari?" akaniuliza. "Nilijua. Kusafiri kuna gharama zake."

Nikamwambia ya safari ni 123 tu. Zile 309 nyingine alizilipa akiwa sebuleni kwake.

Hapa ndipo kisa chenyewe kilipo. Dada aliamini, kama wengi tunavyoamini, kwamba tozo hii inakukuta ukilipa kwa shilingi, euro au sarafu nyingine ya kigeni. Ukiona bei imeandikwa kwa dola, unajua uko nyumbani. Sivyo. Masharti ya benki nyingi za Marekani husema tozo inagusa muamala wowote uliofanyika kwa fedha za kigeni, na pia ule uliofanyika kwa dola lakini ukapitia nje ya nchi. Kinachotazamwa ni muuzaji anapokelea fedha zake wapi; tovuti yake inaweza kuwa na alama ya dola, Kiingereza safi na picha ya bendera ya Marekani, na bado wewe ukahesabiwa umenunua ng'ambo. Kwa kawaida kiasi cha asilimia 1 katika hizo 3 ni cha mtandao wa kadi, yaani Visa au Mastercard, na inayobaki ni ya benki iliyokupa kadi.

Tukafuatilia mstari mmoja mmoja. Zile 51 mara nne zilikuwa maboksi na mifuko ya kufungashia, oda nne za dola 1,700 kutoka kiwanda cha China, zote zimelipwa kwa dola. Mikeka lazima iwe ya miyaa, lakini boksi lake latoka China. Biashara ndivyo ilivyo. Zile 43.50 zilikuwa tiketi mbili za ndege alizokata kwa wakala wa mtandaoni aliyesajiliwa Ulaya kwa sababu alikuwa nafuu kwa dola 30, na akazidi kwa tozo ya 43.50. Hapo dada alicheka mwenyewe. Ile 1.50 ya kila mwezi ilikuwa programu ya kutengenezea picha za bidhaa, dola 50 kwa mwezi, kampuni yake iko nje. Jumla ya manunuzi ya namna hii ni dola 10,300. Dar na Zanzibar, hoteli, chakula na usafiri kwa pamoja, ilikuwa 4,100.

Na mzigo wenyewe, je? Mikeka, khanga, vikoi? Dola 38,000 kwa mwaka, na hakuna hata senti iliyopita kwenye kadi. Mama wa kusuka ukili hana mashine ya kadi. Mwenye duka la jumla Kariakoo anapokea kwa benki au kwa simu. Kwa hiyo sehemu kubwa kabisa ya biashara yake ya nje haihusiani na swali la kadi hata kidogo, na sehemu aliyoiona ya ndani ndiyo iliyokuwa ikikatwa. Angechagua kadi kwa kutazama safari zake, angekuwa anatibu mguu usiouma.

Kulikuwa na kidonda kingine, na hiki hakukitaja mpaka nilipofungua ukurasa wa riba. Kila mwezi wa pili akaunti yake ya benki hukauka: fedha zote zimekwenda kwa wauzaji wa Dar. Bili ya kadi inakuja, analipa kiwango cha chini, na deni la dola elfu saba na kitu linalala hapo hadi Juneteenth imalizike. Kwa riba ya asilimia 23 kwa mwaka, miezi hiyo minne ilimgharimu dola 548.

Nikaandika kwenye karatasi moja: marejesho 619.50, toa tozo 432, toa riba 548. Jibu ni hasi dola 360 na senti 50.

"Mdogo wangu," akasema, "benki inanipa, wewe unaniambia inaninyang'anya?"

Nikamwambia inafanya yote mawili, ila la kwanza inalipigia kengele.

Kuna wenzetu hujifariji kwamba tozo na riba za biashara zinatolewa kwenye hesabu ya kodi, kwa hiyo si hasara. Kutolewa kwenye mapato yanayotozwa kodi maana yake ni kwamba unarudishiwa kipande kidogo cha kile ulichopoteza. Kingine chote kimekwenda.

Basi tukaingia kwenye kadi. Nilimwekea sharti: tunapima kila kadi kwa matumizi yake ya mwaka uliopita, yale yale, bila kuingiza zawadi ya kujiunga. Zawadi hiyo hutolewa mara moja, nayo hudai utumie maelfu ya dola katika miezi 3 ya kwanza. Kwa mtu ambaye mzigo wake haulipiki kwa kadi, sharti kama hilo linaweza kumsukuma kununua maboksi ya miaka miwili. Na masharti ninayoyataja ni yale tuliyoyasoma siku ile kwenye kurasa za benki zenyewe. Hubadilika, kwa hiyo anayefuata njia hii ayasome upya.

Ya kwanza ilikuwa Capital One Spark Cash Select. Haina ada ya mwaka, haina tozo ya nje, marejesho ni asilimia 1.5 kwa kila kitu. Yaani ni kadi yake ya zamani iliyong'olewa mwiba: 619.50 na hakuna cha kutoa. Business Advantage Travel Rewards ya Bank of America inafanana nayo, pointi 1.5 kwa kila dola, bila ada wala tozo ya nje, ila pointi zake zimeelekezwa zaidi kwenye gharama za safari. Hizo mbili zilitosha kuwa jibu la mtu mvivu, na sisemi hivyo kwa dharau. Mfanyabiashara ambaye hataki kukumbuka kadi gani inalipa nini na wapi, achukue mojawapo na arudi kazini kwake.

Spark Cash Plus inalipa asilimia 2 bila tozo ya nje, lakini ada yake ni dola 150 kwa mwaka na bili yote sharti ilipwe kila mwezi. Kwa matumizi yake ni 826 kutoa 150, inabaki 676. Dada alipenda asilimia 2. Mimi nilitazama lile sharti la kulipa yote, nikakumbuka mwezi wa pili, nikaiacha.

American Express Blue Business Cash ilikuwa mtego mzuri. Haina ada, inatoa asilimia 2 hadi dola 50,000 za kwanza kwa mwaka, na kwa haraka inaonekana kuzishinda zote. Ila ina tozo ya nje ya asilimia 2.7. Ukiipitisha kila kitu unapata 826 na kutozwa 388.80. Ungeweza kuitumia kwa manunuzi ya ndani peke yake, dola 26,900, ukapata 538, kisha ukabeba Spark Select kwa yale ya nje na kupata 216. Jumla 754 bila ada yoyote. Kwenye karatasi inapendeza. Lakini mpango huo unamtaka mtu ajue kila mara muuzaji wa mtandaoni anapokelea fedha wapi, na mwaka mzima uliopita ulikuwa umeshathibitisha kwamba hilo halijulikani kwa kutazama tovuti.

Ikabaki ile aliyokuja nayo kwenye simu: Chase Ink Business Preferred. Ada dola 95, hakuna tozo ya nje. Pointi 3 kwa kila dola ya safari, usafirishaji wa vifurushi, matangazo ya mitandao ya kijamii na ya injini za kutafutia, pamoja na simu na intaneti, hadi jumla ya dola 150,000 kwa mwaka; vingine vyote pointi 1. Sikuipenda mwanzoni, kwa sababu alikuwa ameichagua kwa ajili ya zawadi. Nikaipima hata hivyo. Vifurushi vya wateja 9,200. Matangazo ya Facebook na Instagram 7,400. Simu na intaneti 1,900. Tiketi 2,900, hoteli 2,700. Zinakuwa 24,100 za pointi tatutatu, na 17,200 za pointi mojamoja. Pointi 89,500, ambazo ukizichukua kama fedha taslimu ni dola 895. Toa ada, 800.

Alikuwa amechagua vizuri kwa sababu mbaya. Hutokea.

Kuna wanaosema pointi hizo zina thamani zaidi ukizihamishia kwenye mashirika ya ndege. Huenda. Sikuhesabu hivyo, kwa kuwa dada ana deni la kulipa na hana muda wa kuwinda viti vya bure. Pointi moja senti moja. Ikizidi, ni bahati yake. Nilichohesabu ni pale ambapo kadi hii ingeacha kufaa: kwa matumizi ya dola 41,300, zile za pointi 3 zikishuka chini ya takriban 15,000, Spark Select isiyo na ada inaishinda. Yeye ana nafasi ya zaidi ya dola 9,000 juu ya mstari huo. Muuza duka ambaye hatangazi mtandaoni wala hatumi vifurushi asingekuwa nayo.

Lilikuwepo pia jambo la nyumba. Dada anataka kuomba mkopo wa nyumba mwakani. Kadi za biashara hapa Marekani karibu zote kwa mfanyabiashara mdogo huombwa kwa dhamana ya mtu binafsi. Namba yako ya hifadhi ya jamii ndiyo inayosimama, hata kama kadi imeandikwa jina la duka. Lakini benki hazifanani katika kuripoti. Spark Select huonekana kwenye rekodi yako binafsi ya mikopo kila mwezi, deni la duka likasomeka kama deni lako. Chase kwa kawaida haipeleki huko kadi ya biashara inayolipwa vizuri. Kwa mtu anayejiandaa kukaa mbele ya afisa wa mikopo ya nyumba, hilo lina uzito kuliko tofauti ya dola 180.

Kubadilisha kadi, basi, kungemtoa kwenye dola 187.50, yaani marejesho kutoa tozo, hadi 800. Ni faida ya 612.50, na 432 kati ya hizo zinatokana na kuondoka kwa tozo peke yake. Lakini ile riba ya 548 ingebaki pale pale, na ingemeza karibu yote. Tena kadi za biashara zinaachwa nje ya sehemu kubwa ya ulinzi ambao sheria ya kadi ya mwaka 2009 iliwapa watumiaji wa kawaida, hivyo kulimbikiza deni humo ni kulala kwenye nyumba isiyo na mlango.

Nilimuuliza: yule wa Kariakoo unanunua kwake miaka mingapi? Sita. Umeshawahi kumwomba mali kauli? Akanyamaza. "Nikimwomba atadhani nimeyumba."

Hii aibu naijua. Mtu yuko radhi kulipa benki asilimia 23 kimyakimya kuliko kumwomba mtu anayemjua ampe mzigo auze kwanza. Alikaa na wazo hilo wiki mbili, akapiga simu. Mzee wa duka alikubali theluthi ya mzigo ambao dada hununua kwake mwezi wa pili, kama dola 6,300, ilipwe mwisho wa Juni, akaongeza asilimia 2 kwa kila doti. Ni dola 126. Fedha ambazo zingekwenda kwake mwezi wa pili zikabaki Houston kulipa bili ya kadi. Hakuna kadi sokoni ambayo ingempa nafuu hiyo, maana tatizo halikuwa la kadi.

Kadi mpya ilifika mwezi wa kumi na moja. Ile ya zamani hatukuifunga, kwa kuwa haina ada na imekaa muda mrefu. Iko kwenye droo. Sharti la zawadi tulilipanga likutane na vifurushi vya Kwanzaa na tiketi ya mwezi wa pili, gharama ambazo zingekuwepo kwa vyovyote.

Kabla hajasafiri nilimwonyesha risiti moja ya safari ya mwezi wa tisa. Hoteli ya Dar, bili shilingi 450,000. Tangu 2025 kanuni za Tanzania zinakataza bei za bidhaa na huduma za ndani kuandikwa kwa fedha za kigeni, kwa hiyo bili ilikuwa ya shilingi. Lakini mashine ya kadi ilipotambua kadi ya Marekani ilimuuliza: dola au shilingi? Yeye, akiamini dola ndiyo nyumbani, akabonyeza dola. Mashine ikamkata dola 190. Kwa kiwango cha mtandao wa kadi siku ile ingekuwa kama 181. Na kwa kuwa hoteli iko Tanzania, benki yake ikaongeza asilimia 3 juu ya hizo 190. Kadi isiyo na tozo inaondoa ile 3 tu. Zile dola 9 ni za mashine, na kadi yoyote utakayobeba itakatwa ukibonyeza dola. Jibu ni shilingi, kila mara.

Mwezi wa pili akanitumia picha kutoka Zanzibar: mashine imeuliza, kidole kiko kwenye shilingi. Stetimenti ilipofika niliisoma kwanza sehemu ya ada. Sifuri. Riba sifuri. Nikarudi kwenye risiti alizopiga picha, nikakuta ya hoteli ya Zanzibar, shilingi 1,200,000, na chini yake 48,000 nyingine: asilimia 4 kwa anayelipa kwa kadi. Nilimpigia.

"Walikwambia kabla?"

"Waliniambia. Nikasema si neno, napata pointi tatutatu."

"Tatutatu ni asilimia 3, dada. Wao wamechukua 4."

Akawa anahesabu; nilimsikia. "Kwa hiyo pale nilipe keshi."

"Pale ulipe keshi."